Vichwa Vitengane, Mikia Iungane

Ipo nchi ambayo jina lake halitajwi hapa. Si kwa woga. Ni kwa sababu wenyewe mnaijua, na mkitajiwa mtasema mmeonewa. Katika nchi hiyo umeme ulifika vijiji vyote siku moja, Jumanne, saa nne asubuhi. Ulifika kwa tangazo.

Kabla ya tangazo zilikuja nguzo. Nguzo kumi na mbili zilisimikwa katika kijiji cha Kirombwe, zikakatiwa utepe, zikapigiwa ngoma, na kesho yake zikang'olewa na kupakiwa kwenye lori kwenda kuzindua kijiji cha pili. Nguzo hizohizo kumi na mbili ziliwasha vijiji mia tatu na arobaini. Kazi ilipokwisha zilistaafishwa kwa heshima, zikavishwa nishani, na leo zimelazwa katika makumbusho ya taifa, kiingilio bure kwa wanafunzi wenye sare.

Kila nyumba ya Kirombwe ilipewa Cheti cha Mwanga chenye fremu, na swichi moja ya ukutani isiyokwenda popote. Ikawa desturi: jua likizama, mwenye nyumba anabonyeza swichi, na wote waliomo wanasema, "Asante, tunaona." Mwanzoni watu walicheka. Baadaye wakachoka kucheka, wakawa wanasema tu, kama mtu anavyosalimia njiani bila kusimama. Mishumaa ilipigwa marufuku kwa kuwa ilikashifu mwanga uliopo. Na haikuruhusiwa kusema kwamba umeme hakuna. Ilibidi useme umeme umepumzika. Kirombwe ulikuwa umepumzika kwa miaka kumi na moja.

Fundi Ladislaus Kitundu alikuwa na miaka hamsini na tisa, naye alikuwa amechoka. Hakuchoshwa na kitu kimoja, alichoka jumla. Miaka thelathini alikuwa mjini akisuka mota: za mashine za kusaga, za pampu, za feni, waya baada ya waya, mpaka ncha za vidole vyake zikaacha kusikia moto wa chai. Aliporudi kijijini alitaka jambo moja tu, kukaa kwenye kiti kando ya mke wake Veneranda na asiulizwe kitu na mtu yeyote.

Lakini Veneranda alikuwa na pumu, na pumu yake haikuwa imesikia tangazo. Dada yake wa mjini alimletea mashine ya mvuke, ile ndogo inayochomekwa kwenye umeme wa gari: unatia dawa, unavaa kikombe cha plastiki usoni, kifua kinafunguka. Kirombwe hapakuwa na gari. Veneranda alipobanwa, Ladislaus alimpakata kwenye bodaboda kilomita kumi na nne mpaka hospitali ya masista. Mara mbili walifika kwa bahati tu. Njia ile aliijua kwa pumzi zake: alijua ni daraja gani mkewe aliacha kujibu, na ni kona gani alianza tena kujibu. Kwenda mara ya tatu hakutaka hata kukuwaza.

*

Kwa hiyo akaanza kusuka. Hakuwa na nia ya kuvumbua kitu wala kumtangulia mtu. Laiti angeweza kumwachia mwingine kazi ile, angemwachia kwa furaha. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na kijito kinachoteremka kwa kasi. Alichukua ringi ya baiskeli, akaifunga vibati vya kukinga maji, akaitegesha kijitoni ikazunguka. Kwenye ringi akabandika sumaku alizong'oa kwenye spika zilizokufa. Mbele ya sumaku inakaa koili, waya uliosukwa mizunguko mingi, sumaku zinapita mbele ya koili, umeme unatoka. Hilo analijua kila fundi.

Kilichomtesa ni waya. Alikuwa na waya wa feni mbovu tu, mwembamba mno. Koili ya kwanza ilichemka mpaka rangi yake ikanuka, ikakatika. Ya pili ilichemka polepole zaidi, ikakatika vilevile. Ladislaus alikaa siku mbili bila kugusa kitu. Siku ya tatu alishika nyaya mbili nyembamba kwa mkono mmoja, akazisuka pamoja bega kwa bega, mzunguko kwa mzunguko, ili mzigo uwe wa wawili. Alipomaliza alikuwa na ncha nne: vichwa viwili pale nyaya zilipoanzia, mikia miwili pale zilipoishia.

Akaunga mikia pamoja, akapima kati ya vichwa viwili. Mshale wa mita haukutikisika. Gurudumu linazunguka, sumaku zinapita, na mshale umelala.

"Imekufa?" Veneranda aliuliza. Alikuwa amekaa jirani anachambua maharage.

"Haijafa. Ukiunga hivi zinapingana. Kila anachokisukuma huyu, mwenzake anakirudisha."

"Kama wewe na kaka yako kwenye ule ukoo wenu."

"Sisi angalau tulitoa kelele," alisema Ladislaus. Akafungua mikia, akaunga upya: kichwa na kichwa, mkia na mkia, wote wakisukuma upande mmoja. Akapitisha umeme kwenye daiodi nne za redio ya zamani ili uende upande mmoja, na mwisho akafunga balbu ndogo ya gari.

Balbu ikawaka. Veneranda aliitazama, akasema kwa mazoea, "Asante, tunaona," kisha akajiziba mdomo, maana alikuwa anaona kweli. Machozi yakamtoka. Ladislaus naye alijifanya anatafuta koleo ili asionekane.

Majuma saba yakapita. Katika majuma hayo Veneranda alibanwa mara tatu, na mara zote tatu alikaa kwenye kiti chake kando ya kijito, mashine inanguruma, mumewe amemshika mkono. Bodaboda haikuitwa. Fundi Ladislaus alianza hata kunenepa kidogo.

*

Kila mwaka alikuja Bwana Abednego Shilinde, Ofisa wa Uhakiki na Lakiri katika Wizara ya Mwanga. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye begi la ngozi na uso wa mtu aliyevaa viatu vya kubana. Kazi yake ilikuwa kuhakiki kama umeme upo. Fomu yake ilikuwa na visanduku viwili vya kutia alama: "Umeme upo" na "Umeme upo kabisa." Kwa miaka sita Kirombwe ilipata "upo kabisa," naye akanywa chai na kuondoka.

Mwaka huo alipofika kwa Ladislaus ilikuwa saa tano asubuhi, na balbu ilikuwa inaning'inia chini ya upenu.

"Hiki nini?" aliuliza.

"Taa, bwana."

"Najua ni taa. Inafanya nini?"

"Inawaka."

Shilinde alivuta kigoda akakaa bila kukaribishwa. Akatoa fomu, akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma. "Baba yangu," alisema, "umenitia matatani. Mimi sina mahali pa kuandika hii."

"Si uandike umeme upo?"

"Umeme ulikuwepo! Nimeandika mwenyewe, miaka sita! Nikiandika leo kwamba umeanza kuwaka, wataniuliza, mwaka jana ulikuwa unafanya nini?"

"Ulikuwa umepumzika," alisema Veneranda kutoka kwenye kiti chake, akitaka kumsaidia.

Shilinde alimtazama mama yule, akatazama mashine ya mvuke mapajani pake, akaitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitaji kazi yake. Kisha akashika kalamu. Aliandika kwenye pambizo kwamba katika kijiji cha Kirombwe umegundulika umeme wa ziada. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana nchi ilikuwa na umeme asilimia mia moja kamili. Ukiongeza hata wa balbu moja inakuwa mia na kitu, na mia na kitu haikuwepo katika sheria za nchi.

*

Ladislaus aliitwa makao makuu pamoja na koili yake. Alikwenda akijua atafungwa, akamwachia mkewe majani ya kujifukiza na namba za waendesha bodaboda wote watatu. Lakini katika siku mbili alizokuwa njiani mambo yaligeuka. Waziri wa Mwanga, Mheshimiwa Rwezimula, alikuwa ameisoma ile taarifa ya Shilinde na kuona kwamba tatizo linatibika: ikiwa koili itakuwa mali ya Wizara, umeme wake utahesabika ndani ya ile mia moja ya zamani, na hakuna kitakachozidi. Basi Ladislaus alipofika lango la Wizara hakupigwa pingu, alivishwa shada. Akaelekezwa kwenye Kamati ya Itifaki.

Hapa yafaa msomaji mgeni aelezwe. Katika nchi ile vitu viwili havikuruhusiwa kuwa sawa. Palipo na wawili, mmoja ni Mwenyekiti na mwingine ni Makamu, na hiyo haikuwa kwa watu peke yao. Ng'ombe wa jembe walikuwa na Mwenyekiti. Viatu vilikuwa na Mwenyekiti, cha kulia, nacho kilivaliwa kwanza. Mtu aliyeanza na cha kushoto alihesabiwa amefanya mapinduzi mguuni mwake. Pacha walipozaliwa mkunga alitakiwa kupiga simu wilayani kabla ya kumpongeza mama.

Kamati ilikuwa na wajumbe kumi na tisa chini ya Profesa Mstaafu Ng'wandu, mzee mnene mwenye sauti ya kubembeleza. Waliweka koili mezani juu ya kitambaa cheupe, wakaizunguka.

"Fundi," alianza Profesa, "tunakupongeza. Ila katika nyaya hizi mbili, Mwenyekiti ni upi?"

"Hakuna, mheshimiwa. Ni waya uleule, nimekata mara mbili. Urefu mmoja, unene mmoja."

Wajumbe walinong'onezana. Mmoja aliomba maji.

"Na zinalala pamoja hivi, ubavu kwa ubavu, toka mwanzo hadi mwisho?"

"Ndiyo."

"Na vichwa vyao?"

"Vimeungwa pamoja. Hiki na hiki."

"Yaani kichwa cha Makamu," Profesa alisema polepole, kama daktari anayetafuta mahali pa maumivu, "kimekaa sentimita sifuri kutoka kichwa cha Mwenyekiti. Kwa usawa. Bila hata kikaratasi katikati."

Walijadili siku nne. Ladislaus alikaa kwenye benchi nje, akila mkate na kuwaza kifua cha mkewe. Siku ya tano aliitwa kusomewa maazimio. Waya wa kulia umeteuliwa Mwenyekiti. Kwa heshima ya cheo, vichwa vya nyaya visikutane tena: kila kichwa kitakuwa na njia yake ya kutokea. Lakini ili kuonyesha umoja wa kitaifa, mikia itafungwa pamoja, na kwa nguvu. Azimio liliandikwa kwa kifupi na kubandikwa ukutani: *Vichwa vitengane, mikia iungane.*

"Waheshimiwa," alisema Ladislaus, "nisameheni. Hivyo nilishajaribu. Ukiunga hivyo zinapingana. Hautatoka umeme. Hautatoka hata kidogo."

"Unataka kusema koili yako haiwezi kufanya kazi bila kuvunja itifaki?"

"Umeme haujui itifaki, mheshimiwa."

"Utafundishwa," alisema Profesa Ng'wandu kwa upole, na kikao kikaahirishwa kwa chakula.

Koili ikafungwa upya kama azimio lilivyotaka, ikapelekwa maabara kupimwa. Matokeo yaliishangaza Wizara. Haina joto. Haina kelele. Haimrushi mtu hata akiilamba, na mpimaji mmoja aliilamba kuthibitisha. Katika historia ya nchi hakuna kifaa cha umeme kilichowahi kupata alama zote za usalama. Waziri aliamuru zitengenezwe koili mia tatu na arobaini za namna hiyo, kila kijiji na yake, na waya wote mwembamba nchini ukusanywe kwa kazi hiyo. Askari walikwenda Kirombwe wakachukua hata vipande alivyovificha Ladislaus chini ya kitanda. Koili yake mwenyewe walimrudishia. Shilinde aliimwagia lakiri, nta nyekundu ya mihuri, pale mikia ilipofungwa, akagonga muhuri. Kuivunja lakiri hiyo ilikuwa kifungo cha miaka mitano.

"Uzinduzi wa kitaifa utafanyika hapahapa kwako, baba," Shilinde alisema huku akipuliza nta ipoe. Hakuinua macho. "Ni heshima kubwa."

"Na mke wangu akibanwa kabla yake?"

Shilinde alilifunga begi. "Muombee asibanwe."

Majuma mawili Ladislaus aliishi akisikiliza. Alikula akisikiliza, alioga akisikiliza. Veneranda akikohoa yeye alisimama. "Kaa chini," mkewe alimwambia mwishowe, "unanichosha kuliko pumu yenyewe." Akakaa, akaendelea kusikiliza.

*

Siku ya uzinduzi magari arobaini na moja yaliingia Kirombwe. Ilikuwa kiangazi, na barabara ile ya kijiji ni vumbi tupu. Lilipanda juu kuliko paa la kanisa, likakaa angani hapo, halikutaka kushuka. Viongozi walifunga vioo. Wanakijiji walikuwa wamepangwa pande zote mbili za barabara tangu saa kumi na mbili asubuhi wapunge mikono, na Veneranda, kama mke wa mvumbuzi, alikuwa amepewa nafasi ya mbele kabisa.

Jukwaa lilijengwa kando ya kijito. Waziri Rwezimula alipanda akiwa na suti nyeupe, akasoma hotuba.

"Ndugu wananchi! Zipo nchi zinazosubiri umeme. Sisi tulikataa kusubiri, tukautangaza! Zipo nchi zenye umeme unaoua watu. Leo tunazindua umeme ambao haujamdhuru hata sisimizi! Wataalamu wa ng'ambo wameshindwa kuuelewa. Wamekuja na mita zao, mita zikanyamaza! Mita za mabeberu, ndugu zangu, zimekosa la kusema!"

Akabonyeza kitufe. Gurudumu lilikuwa linazunguka vizuri kijitoni, sumaku zinapita, na balbu iliyotundikwa juu ya jukwaa ikabaki kama ilivyotoka dukani.

"Tunaona?" aliuliza Waziri.

"Asante, tunaona!" waliitikia watu wote, na bendi ikapiga.

Ladislaus hakuitikia. Alikuwa anamtazama Veneranda. Mkewe alikuwa ameinamia magoti, mabega yamepanda hadi masikioni, na mdomo wake ulikuwa unaitikia pamoja na wengine, lakini sauti haikutoka. Alimfikia kwa hatua tatu. Midomo ilikuwa imeanza kupoteza rangi.

Aliichukua mashine akakimbilia gari la karibu. "Kaka, nichomekee hii, dakika kumi tu, mke wangu hapumui."

Dereva alitaka kusaidia, ilionekana usoni. Lakini alitazama jukwaani. "Mzee, leo? Nikichomeka kwenye gari leo, si nitakuwa nimesema kijiji hakina umeme?"

Gari la pili dereva alipandisha kioo. La tatu halikuwa na dereva. Ladislaus hakwenda la nne. Baadaye watu walisema alipandwa na hasira, lakini hasira ni ya watu wenye nguvu. Yeye alijisikia mtu aliyechoka ambaye amebakiza kazi moja tu. Aliingia kijitoni na viatu vyake vya sherehe, akapiga lakiri kwa jiwe, ikapasuka. Akafungua mikia. Akavuta vichwa kutoka kwenye njia zao mbili za heshima, akavisokota pamoja, kichwa na kichwa. Mkia na mkia. Vidole vyake viliifanya kazi hiyo vyenyewe, kama vilivyoifanya miaka thelathini bila kumuuliza. Nyuma yake Waziri alikuwa amefika kwenye shukrani kwa wadhamini.

Balbu ikawaka juu ya jukwaa.

Haikuwa taa kubwa. Mchana ule ungeweza usiione, ila watu waliokuwa wameiona isiwake waliiona ilipowaka. Bendi ilikatika mmoja mmoja, mwenye tarumbeta akawa wa mwisho. Ladislaus aliburuta waya mpaka mbele, akachomeka mashine, akamvisha Veneranda kikombe usoni. Mashine ikaanza kunguruma, na ule mngurumo ukawa ndio sauti pekee Kirombwe nzima.

Waziri aliinua macho akaitazama balbu. Mtu mwingine angesema, tazameni, inawaka! Lakini huyu hakufika uwaziri kwa kubahatisha. Alielewa upesi kuliko wote pale kwamba ukisema sasa inawaka, umesema kwamba dakika mbili zilizopita haikuwaka, na ukisema haikuwaka hapa, kuna vijiji mia tatu na thelathini na tisa vingine vya kuzungumzia. Alimgeukia Profesa Ng'wandu. Profesa aliangalia vile vichwa viwili vilivyosokotwa pamoja hadharani, akafumba macho kwa aibu, akamnong'oneza neno.

"Ndugu wananchi," Waziri alisema kwenye kipaza sauti, "hakuna kilichotokea."

Watu wakapiga makofi, wengine wakiitazama balbu, wengine wakiitazama ardhi. Waziri akaendelea na shukrani kwa wadhamini, ila sasa ilimbidi apaze sauti kuushinda mngurumo wa mashine ambayo haikuwa inanguruma. Alipomaliza, sauti yake ilikuwa imekauka. Magari arobaini yaliondoka na vumbi lake. Ladislaus hakukamatwa, maana hati ya mashtaka ingehitaji kutaja kosa, na kosa halikutokea.

*

Gari moja lilibaki. Shilinde alishuka kijitoni na begi lake la ngozi, fomu, kiberiti na kijiti kipya cha lakiri. Alikuwa ameagizwa kuirudisha koili katika hali yake ya kisheria na kuandika ripoti ya mstari mmoja.

"Mama amemaliza?" aliuliza.

"Bado," alisema Ladislaus.

Shilinde akakaa kwenye ukingo wa jukwaa tupu, begi mapajani, akasubiri. Hakuharakisha wala hakutazama saa. Mabega ya Veneranda yalianza kushuka polepole, rangi ikarudi midomoni. Ladislaus alikuwa amemshika mkono na hakuwa na hofu tena ya mtu. Alikuwa anawaza tu kwamba huyu kijana akishafunga mikia ile, na waya wote umekwisha kuchukuliwa, itabaki bodaboda, na kwamba ile safari ya tatu imekuja.

"Baba," Shilinde aliita ghafla, akikitazama kijito. "Hizo ncha. Ipi inaungwa na ipi?"

Ladislaus alimgeukia. "Wewe si ndiye uliyezifunga?"

"Mimi niligonga muhuri. Aliyefunga ni mjumbe wa Kamati." Alikohoa. "Nina mama, kule Idunda. Ana pumu hii hii ya mama hapa. Mashine anayo, nilimnunulia mimi kwa mshahara wangu wa kwanza."

"Idunda si kuna umeme?"

"Upo kabisa," alisema Shilinde. "Niliandika mimi, mezani kwangu."

Veneranda alikivuta kikombe kidogo pembeni ya mdomo. Sauti yake ilikuwa nyembamba bado. "Mwanangu, huwa anabanwa saa ngapi? Alfajiri au jioni?"

Shilinde akashika kile kijiti cha lakiri, akakizungusha vidoleni. "Sijui, mama. Sijakanyaga nyumbani miaka tisa. Nikienda nitaona, na nikiona itabidi niandike." Uso wake ukavunjika, akaugeuzia upande wa kijito, na wazee wale wawili wakamwachia nafasi.

Baada ya hapo alisimama, akaingia majini, viatu na soksi. Akawasha kiberiti. Akamwagia lakiri nyekundu palepale vichwa vilipokutana, na nyingine pale mikia ilipokutana, kama alivyovikuta, akagonga muhuri wa Wizara juu ya vyote viwili. Nta ikakauka. Kuanzia hapo yeyote ambaye angethubutu kuvitenganisha, awe Waziri, awe Profesa, ilikuwa miaka mitano. Mashine iliendelea kunguruma.

Kwenye fomu aliandika kwamba hakuna kilichotokea. Kisha akaing'oa karatasi ya chini yake, akaigeuza upande usio na maandishi, akamnyooshea Ladislaus pamoja na kalamu.

"Nichoree, baba," alisema. "Na uchore taratibu. Mimi sijawahi kushika waya."